Uzi wa Kumi na Tatu

Lori lilikuwa linakimbia kama lililoiba.

Na lilikuwa limeiba kweli.

Mitungi themanini ya oksijeni, mali ya hospitali kuu, ilikuwa inagongana nyuma ya lile lori kama sahani za harusi. Mita thelathini nyuma yake, juu ya Yamaha nyeusi, alikuja mwanamke mmoja mwembamba ambaye idarani walimwita Sindano. Vumbi lilimfika mpaka kwenye meno. Casio ya mkononi ilisema saa tisa na dakika kumi na mbili alasiri.

"Sindano, hapa Meza. Hali?"

Meza alikuwa mkuu wake, sauti ndani ya kidude cha sikioni. Hakuna aliyewahi kumwona amesimama.

"Nakula vumbi, Meza."

"Lisimamishe hilo lori."

"Nimeliomba kwa adabu. Limekataa."

Akachomoa Glock. Risasi ya kwanza ilipiga hewa. Ya pili ikapiga hewa ile ile. Ya tatu ikapata gurudumu la nyuma, kushoto. Lori likayumba, likapanda tuta, likatumbukia kwenye shimo la machimbo ya kokoto lililojaa maji ya mvua.

Mitungi ikazama mmoja mmoja, bila haraka.

Dereva alitoka kupitia dirishani, akajiburuta mpaka ukingoni.

"Kaa hapo hapo, kaka. Mikono juu."

"Dada, mkono mmoja umevunjika."

"Inua huo mwingine. Mimi sina makuu."

Dereva akainua. Alikuwa mtu wa makamo, shati limemganda mwilini, na uso wa mtu aliyechoka kabla ya siku hii.

"Mitungi ulikuwa unaipeleka wapi?"

"Popote. Niliambiwa nizunguke nayo tu mpaka jioni. Kazi si mitungi, dada. Mitungi ni kuwaondolea akiba."

"Kazi ni nini?"

"Iko chini ya hospitali, ndani ya kompyuta. Wanauita uzi wa kumi na tatu. Saa kumi na dakika kumi unafunga hewa ya chumba namba tisa. Polepole, ionekane mgonjwa amejifia."

"Nani kakwambia?"

"Dereva haambiwi, dada. Dereva anasikia. Watu wanaongea nyuma yake kama yeye ni usukani."

Sindano alikijua chumba namba tisa. Alikuwa amelazwa humo karani wa ghala, mwenye risasi mbili kifuani, aliyefungua masanduku yaliyoandikwa cherehani akakuta bunduki. Kesho asubuhi hakimu angekuja na mwandishi wake mpaka kitandani, karani ataje majina. Wageni waliokuwa wakiingiza zile bunduki hawakutaka kesho ifike.

"Huo uzi kauandika nani?"

"Kijana mmoja mwembamba. Masikio makubwa. Nilimbeba mara mbili. Mara ya pili alikuwa analia." Dereva akatema maji ya matope. "Alishakufa, wiki iliyopita. Wanasema ajali."

Sindano akairudisha Glock kiunoni.

Alijua kwamba amekufa. Alimzika Alhamisi. Au tuseme alimwona akizikwa, kwa darubini, akiwa ndani ya gari la vioo vyeusi mita mia mbili kutoka kaburini. Idara ilikuwa imeliandika jina la kijana kwenye orodha ya wasaliti, na jasusi halii hadharani juu ya kaburi la msaliti. Hata kama msaliti mwenyewe ni mdogo wake wa tumbo moja. Mama yao alishikiliwa na majirani asianguke.

Yeye alishikilia usukani.

*

Saa tisa na dakika hamsini na moja aliingia hospitali kwa mlango wa jikoni. Mlinzi wa geti alimpigia kelele kwamba pale alipoegesha pikipiki ni njia ya magari ya wagonjwa. Alimpungia mkono. Mlinzi akatafsiri ule mkono kuwa dharau, na hakukosea sana.

Ngazi zilishuka mara tatu. Chini kabisa kulikuwa na chumba cha mitambo: mabomba yaliyopakwa rangi nyeupe, kila moja na namba yake, feni inayolia kama mbwa mwenye njaa, meza moja, kompyuta moja. Kwenye meza, kikombe cha bati chenye mfuniko.

Walikuwepo watu wawili. Mmoja mzee mnene mwenye ovaroli na spana mfukoni, ambaye hospitali nzima ilimwita Fundi Pampu. Mwingine alivaa tai na kitambulisho cha kampuni ya matengenezo, na viatu vyake vilikuwa safi kupita sakafu aliyosimama juu yake.

"Wewe ndiye wa serikali?" Fundi Pampu akauliza. "Nilidhani wataleta mtu mkubwa."

"Wamekwisha, mzee. Nimebaki mimi. Mtungi wowote wa akiba?"

"Hata wa kupulizia puto hakuna. Walikuja asubuhi na barua yenye mhuri. Mimi nikiona mhuri nasalimu."

"Tukifungua hewa kwa mkono?"

Mzee akaonyesha mabomba. Pale palipopaswa kuwa na magurudumu ya kuzungushia, palikuwa na vishimo vilivyozibwa. "Walipoleta kompyuta wakayang'oa. Wakasema ni ya kizamani. Nikawaambia hata mimi ni wa kizamani, ning'oeni. Wakacheka."

Sindano akaketi mbele ya kioo cha kompyuta.

Programu moja. Ndani yake nyuzi kumi na tatu.

Nyuzi kumi na mbili za kwanza zilikuwa za haki: kila uzi unalinda hewa ya chumba kimoja, unapima, unafungua, unabana, unapima tena. Zote zinafanya kazi kwa wakati mmoja chini ya paa moja, kama ndugu wanaokaa nyumba moja. Chumba cha nne kilikuwa cha watoto wachanga waliozaliwa kabla ya siku zao. Wanane.

Uzi wa kumi na tatu ulikuwa umelala. Ukihesabu.

*Zimebaki dakika kumi na sita.*

"Sindano, hapa Meza." Sauti ilikwaruza sikioni, kali mpaka waliokuwa karibu waliisikia. "Umeuona?"

"Nimeuona."

"Uue."

"Nikizima programu yote je?"

Fundi Pampu akaruka. "Ukiizima valvu zote zinajifunga! Na kuwaka upya ni dakika kumi na moja. Wale vichanga hawana dakika mbili, mama."

"Nani kasema yote?" Meza alisema. "Uue huo mmoja. Hiyo ni amri."

Mtu wa tai akasogea, akainama kwa heshima zote. Alinukia sabuni ya hotelini.

"Mkuu wako yuko sahihi, dada. Ni rahisi. Kila uzi una namba yake. Tuma ishara ya tisa, ishara ya kuua, ilenge namba ya huo uzi peke yake. Wengine hawatajua hata kilichopita. Nimefanya kazi hii miaka kumi na tano."

Sindano akaandika amri. Ishara: tisa. Uzi: wa kumi na tatu. Kidole kikaenda juu ya kitufe cha mwisho.

Kikabaki hewani.

Kwa sababu alimsikia mdogo wake.

Si mzimu. Mdogo wake hakuwa na subira ya kuwa mzimu. Ilikuwa kumbukumbu ya jioni moja jikoni kwa mama, yule kijana na masikio yake akichezea kijiko, anamweleza dada yake kazi anayosomea.

"Dada, unakumbuka mama akikasirika? Kosa ni langu, jina analoita ni langu, lakini fimbo inakula nani?"

"Wote."

"Basi ndivyo ishara ya kuua ilivyo. Utailenga kwa uzi mmoja, utaandika na anwani, na stempu ukitaka. Ikifika, inaua nyumba nzima. Ishara ya kifo haina mtoto mmoja. Kila mwanafunzi anakosea hapo mara moja katika maisha yake."

Mara moja. Kila mwanafunzi.

Sindano akageuza kiti taratibu.

"Miaka kumi na tano, kaka?"

"Na miezi."

"Na hujui kwamba ishara ya tisa ikilengwa kwa uzi mmoja inaangusha programu yote?"

Mtu wa tai akatabasamu. Mkono wake ukaingia ndani ya koti, ukatoka na Beretta fupi yenye mdomo wa kunyamazishia.

"Ungebonyeza tu, dada. Karani angekufa, vichanga wangekufa, na kidole kingekuwa cha serikali. Ule uzi tuliuweka kwa ajili ya karani. Wewe ulikuwa nyongeza."

"Hapo ndipo ulipokosea."

"Wapi?"

"Umempa mzee mgongo."

Spana ya Fundi Pampu ilimpata nyuma ya sikio. Sauti yake ilikuwa kama nazi kuanguka juu ya bati. Beretta ikaserereka chini ya mabomba. Sindano akamfunga mikono kwa kipande cha waya kilichokuwa sakafuni, mafundo mawili.

"Mimi nikiona mhuri nasalimu," mzee akasema, akihema. "Bastola haina mhuri."

*Zimebaki dakika tisa.*

*

"Meza, amri yako ni mtego. Ningebonyeza, wangekufa wote."

Meza akauliza: "Una njia nyingine?"

"Labda."

Alitoa simu yake ya Nokia, ile ya zamani, ya nyumbani, ambayo idara haikuipenda. Siku kumi na moja zilizopita mdogo wake alimpigia mara tatu. Siku hiyo Meza alikuwa ameketi mbele yake. "Usipokee," alisema. "Ukipokea, na wewe utaingia kwenye orodha." Simu ililia mara tatu, ikatambaa juu ya meza kwa mtetemo kama mdudu aliyepinduliwa, ikanyamaza.

Kisha ukaja ujumbe. Aliusoma mara moja, akadhani kijana amelewa. Kijana ambaye soda ilimpa kizunguzungu.

Sasa akausoma tena.

*Dada, usimwite kwa hasira. Mgongee kama mama alivyokuwa ananigongea mimi. Atasikia.*

Akairudisha Nokia mfukoni.

Wakati wa chakula mama yao hakuwaita watoto kwa jina. Alikuwa na mwiko na mfuniko wa sufuria. Chakula kikiiva, aligonga. Mara mbili, anakuja binti. Binti akisikia mbili anaacha mchezo, anakimbia, na mdogo wake haangalii hata pembeni; mbili si zake. Lakini yule mvulana hakuwahi kusikia mara mbili, wala nne. Masikio makubwa, lakini ya mapambo. Mama akapandisha mpaka akafika namba iliyomleta.

Kumi.

Tangu hapo, mtaa mzima ulijua: mfuniko ukilia mara kumi, yule wa masikio anatakiwa nyumbani. Naye popote alipo atajibu kwa sauti ya kuvunja vioo: "Nimesikia, nakuja!"

Sindano akarudi kwenye kioo. Ishara zina namba, na namba nyingi maana yake ilishaandikwa kabla hujazaliwa. Tisa ni kifo. Kumi na tano ni kifo kwa adabu. Lakini ya kumi ni tupu. Ya kumi maana yake anaipa yule anayeandika programu. Anaiwekea sikio: ukisikia kumi, fanya hivi. Na ukiilenga kwa uzi mmoja, ni uzi huo huo utakaoacha ulichokuwa unafanya na kuitika, wengine waendelee na kazi zao. Asipoiwekea sikio, hiyo kumi nayo ni fimbo ya nyumba nzima.

Akatafuta orodha ya ishara ambazo programu inazisikiliza.

Ya kumi ilikuwemo.

"Kuna sikio," akasema.

Chini, mtu wa tai akacheka, damu ikimtiririka shingoni.

"Lipo. Mimi nililiona. Unajua likisikia linafanya nini? Sikio halisemi. Labda linafunga uzi. Labda linafunga vyumba vyote kumi na viwili kwa mkupuo. Mdogo wako alikuwa mtu wetu, dada. Tulimlipia chumba, tulimlipia nguo. Unamwamini?"

"Mlimuua."

"Alisema kazi imekwisha, anataka kwenda kwa mama yake. Tulimsindikiza njiani." Akatema. "Mtu anayelia hovyo hatunzi siri."

Fundi Pampu akainua spana tena. Sindano akatikisa kichwa.

*Zimebaki dakika nne.*

"Sindano." Meza. "Nimesikia yote. Faili yake iko mbele yangu. Kurasa arobaini. Alipokea mshahara wao miezi saba. Hakuna ukurasa hata mmoja unaosema aliwageuka. Kama sikio ni lao, unaua hospitali. Acha uzi ufanye kazi yake. Tumpoteze karani, tubaki na watoto. Hiyo ndiyo hesabu."

Haikuwa hesabu mbaya. Hilo ndilo lililouma. Mtu mmoja kwa wengi. Hata yeye angemfundisha hivyo mwanafunzi wake. Faili ilikuwa na kurasa arobaini, na yeye alikuwa na mistari miwili ya simu, na mfuniko.

Na alikuwa na simu tatu ambazo hakuzipokea.

"Fundi," akasema polepole, "una watoto?"

"Watano."

"Ukimwita mmoja wao, unajua kama atakuja?"

Mzee akafikiri. Aliuchukua muda wake, kama vile dakika zilikuwa za kuokota.

"Yule wa tatu ni mwizi," akasema. "Ameniibia mpaka redio. Lakini nikimwita anakuja. Anakuja na redio yangu mkononi, lakini anakuja."

Sindano akafuta ile tisa.

Akaandika kumi.

"Sindano, nakukataza."

Akachomoa kidude cha sikioni, akafunua kikombe cha Fundi Pampu, akakitumbukiza ndani. Kilikuwa na chai. Kikatoa mapovu mawili, akarudishia mfuniko.

Akabonyeza.

Hakuna kitu.

Feni ililia. Mabomba yalipumua. Nyuzi kumi na mbili zilipima, zikafungua, zikabana, zikapima tena. Uzi wa kumi na tatu ulikuwa pale pale, umelala. Fundi Pampu alikuwa ameshika bomba namba nne kwa viganja vyote viwili, kama anayesikiliza moyo.

"Masikio ya mapambo," Sindano akanong'ona. "Amka, wewe. Amka bwana."

Uzi ukaamka.

Ukaacha kuhesabu. Mstari wake ukawaka mara moja. Kumi na tatu zikawa kumi na mbili.

"Namba nne?" sauti yake haikuwa yake.

"Inapumua."

"Tisa?"

Mzee akahamisha viganja. "Inapumua. Zote zinapumua, mama. Zote."

Mtu wa tai aliacha kucheka.

Kisha chini ya kioo, kwenye daftari ambalo programu huandika matukio yake, kati ya vipimo na saa, ukatokea mstari mmoja. Uzi ulikuwa umeuandika kabla ya kujifunga.

*Nimesikia, dada. Nakuja.*

Sindano aliutazama. Casio ikafika saa kumi na dakika kumi, ikapita. Hakuna aliyekufa.

Aliyekuwa wa kufa alishakufa.

"Ni nini hicho?" Fundi Pampu akauliza. Hakuwa amevaa miwani.

"Ni mdogo wangu."

Mzee alitazama kioo, akamtazama yeye. Aliinua mfuniko wa kikombe, akakivua kile kidude kwa ncha ya spana, akakifuta kwa ovaroli, akampa.

"Sindano! Sindano, jibu! Uzi umekufa?"

"Haujafa, Meza. Umeitikia."

"Sikuelewi."

"Najua. Nina mtu wao hapa, amefungwa kama mzigo. Njooni mmchukue. Na ile faili ya kurasa arobaini, ongeza wa arobaini na moja. Nitauandika mimi."

"Wakubwa hawatapenda. Orodha ikishasainiwa..."

"Mkuu. Simu ililia mara tatu. Mimi na wewe tulikuwa tunaitazama."

Kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, alisikia kiti cha Meza kikisogea. Alikuwa amesimama.

"Andika," Meza akasema.

*

Alipanda ngazi. Hakukimbia. Mbele ya chumba cha nne alipunguza mwendo. Nyuma ya kioo vichanga wanane walikuwa wamelala, wadogo kama mikate, vifua vikipanda na kushuka. Muuguzi alimwona akamfukuza kwa kidole: huku haturuhusu vumbi. Alikuwa na haki.

Nje, mlinzi wa geti alikuwa bado ameisimamia Yamaha, na kifua mbele.

"Dada, hapa si maegesho! Nilikwambia! Umekaa nusu saa! Angekuja mgonjwa mahututi je?"

"Samahani, mzee. Nilikuwa namwangalia ndugu yangu."

Mlinzi akalegea kidogo. "Hajambo sasa?"

Sindano akavaa miwani yake ya jua. "Ametoka."

"Afadhali. Mshukuru Mungu."

Akasukuma pikipiki mpaka nje ya geti, chini ya ukuta, akatoa Nokia. Iliita mara moja tu.

"Mama."

"Wewe! Leo jua limetoka wapi?" Sauti ya mama ilikuwa nyembamba tangu Alhamisi, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. "Uko salama?"

"Niko salama. Unapika?"

"Napika. Jana nimepika nyingi nikamwaga. Mkono haujazoea."

Pikipiki ilikuwa inapoa, ikitoa milio midogo ya chuma.

"Mama, hakuwa mtu mbaya. Nitakuja nikueleze. Kuna watu waliosema vibaya juu yake, watayafuta."

"Mimi nilihitaji kuelezwa?" mama akasema. "Nilimzaa." Kisha akauliza: "Unakuja saa ngapi? Nikigonga utasikia?"

"Nitasikia. Gonga sasa hivi, mama. Na zake pia."

Simu ikawekwa chini, juu ya kitu kigumu. Nyayo. Droo. Kisha, kwa mbali, mwiko ukaupiga mfuniko.

Mara mbili.

Kimya kidogo.

Kisha tena. Moja, mbili, tatu, nne, bila haraka, kama mtu anayejua mtoto wake hasikii upesi.

Sindano alisimama wima, simu sikioni, mpaka ya kumi.

Akavaa helmeti, akashusha kioo chake cheusi, akawasha Yamaha. Mlinzi wa geti alimwona akiondoka taratibu, mgongo umenyooka, akasema moyoni kwamba vijana wa siku hizi hawana hata habari.